Dhahabu imejificha kwenye namba za foili

Leo nimetoka na detekta, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, sehemu yenyewe imejaa misumari balaa. Nikazima sauti ya chuma tu, foili (vile vikaratasi vya alumini) na vile vidude vya kufungulia makopo nikaviacha vilie, maana dhahabu nayo inaangukia namba zilezile kwenye skrini ya detekta, ukivifuta hivyo unaifuta na pete bila kujua.

Basi ikalia, namba za katikati hapo. Nikazunguka nikapitisha koili, lile duara la chini la detekta, kutoka upande wa pili, msumari wenye kutu mara nyingi hapo sauti inakatikakatika, hii ikabaki ileile, safi.

Nachimba... pete jamani!! Nyembamba, ndani imechorwa herufi mbili. Nimezikodolea macho weee, hivi ni za nani?

Nyie wenzangu foili mnaizima au mnachimba takataka zote tu?