Siku moja maishani mwangu: kuchora taa ya sola inayofunguka

Saa 2:00 asubuhi. Kreti ya taa za sola zilizorudishwa iko mezani, hapa karakanani Dar es Salaam. Tunachora toleo jipya, na kabla ya kugusa mchoro lazima tufungue za zamani huku tukihesabu dakika. Lengo ni betri itoke ndani ya dakika mbili kwa bisibisi moja ya nyota, ile ambayo kila fundi simu anayo.

Multimita, kifaa cha kupimia umeme, inatangulia. Seli za taa hizi ni lithiamu-chuma-fosfeti, volti 3.2. Inayosoma chini ya volti 2 haichajiwi tena, na iliyovimba haichokonolewi hata kidogo. Kila seli ikitoka, ncha zake zote mbili zinafunikwa kwa selotepu kisha inaingia kwenye ndoo ya mchanga mkavu, ikisubiri mkusanyaji mwenye kibali. Ncha zikiunganishwa na kipande cha chuma huko ndani ya gunia la mkusanyaji, moto unaweza kuwaka.

Saa 3:30. Ya kwanza imefungwa kwa gundi: dakika kumi na nne, kava limepasuka na waya umekatwa. Ya pili ina vishikizo vya plastiki, imefunguka haraka lakini viwili kati ya vinne vimevunjika, kwa hiyo haifungiki tena. Ya tatu ina skrubu, ila zimefichwa chini ya miguu ya mpira na zina urefu tofauti. Fundi akirudisha ndefu kwenye tundu fupi, inatokea upande wa pili. Kosa hilo ni la mchoraji.

Tundu moja lina unga mweupe mdomoni. Skrubu ya chuma inayoingia kwenye plastiki hujichongea njia yake yenyewe. Ukiianza bila kuitafuta njia ya zamani, inachonga mpya, na baada ya mara chache inazunguka bure. Dawa ni kuizungusha kinyume kwanza mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake, ndipo uikaze. Kuweka kikombe cha shaba chenye nyuzi za skrubu ndani ya tundu kungemaliza tatizo hilo, lakini taa ikisagwa ili plastiki yake itumike upya, sumaku inavuta chuma na kuiacha shaba, nayo inaharibu visu vya mashine. Tumechagua skrubu nne zenye urefu mmoja na nyuzi pana, zikiingia milimita 10 badala ya 6.

Saa 6:00 ni zamu ya plastiki. Vipande vya kava vinatiwa kwenye maji ili kutenganisha aina za plastiki: polipropilini inaelea, ABS na polikaboneti zinazama. Koroga gramu 160 za chumvi kwa kila lita ya maji, na ABS itapanda juu huku polikaboneti ikibaki chini. Mshikio ndio unaotuharibia kazi. Mpira umemiminwa juu ya ABS, havibanduki, na kipande cha namna hiyo hakina rundo lake. Toleo jipya halina mpira. Mshikio una matuta ya ABS ileile. Alama >ABS< inachongwa kwenye moldi, yaani kalibu ya kumiminia plastiki, kwa sababu stika na gundi yake ni uchafu mwingine tu.

Saa 8:00. Betri. Springi za kushikilia seli hurahisisha kuibadilisha, lakini kwa unyevu wa pwani zinashika kutu, taa inapepesa, na seli isiyo na tatizo inatupwa ikidhaniwa imekufa. Kupiga lehemu moja kwa moja kwenye seli ni vibaya zaidi, joto linaiumiza ndani. Tunatumia vibati vya nikeli vilivyochomelewa kwa nukta, nyaya mbili, na plagi inayoingia upande mmoja tu. Seli ya saizi tunayotumia, iitwayo 18650, ina urefu wa milimita 65, lakini yenye bodi ndogo ya umeme ya kuikinga hufika karibu 70, kwa hiyo nafasi ni 72. Pembeni imechongwa "3.2 V TU": chaja ya volti 4.2 kwenye seli hii ni hatari.

Saa 10:15. Sampuli anapewa mtu ambaye hajawahi kuiona. Betri imetoka kwa dakika 1 na sekunde 50, ila amevuta waya badala ya plagi, maana waya wa sentimita 4 hauachi nafasi ya vidole. Mchoro umebadilishwa kuwa sentimita 9, na plagi imeongezwa masikio mawili ya kushikia. Moldi itakatwa baada ya jaribio la kesho.