Tiketi ya Tramu

Nilikuwa mwanafunzi wa ukutubi Berlin nilipopata kibarua cha wiki mbili: kupanga nyaraka za mzee mmoja aliyeongoza opera, michezo ya jukwaani inayoimbwa, maisha yake yote. Ujanani alikuwa msaidizi katika jumba la opera la Komische Oper, enzi za Walter Felsenstein, yule aliyeianzisha mwaka 1947 akaishika mpaka alipofariki 1975. Nyaraka za Felsenstein ziko kwenye taasisi ya sanaa ya Akademie der Künste, mji huohuo. Za mzee wangu zilikuwa chini ya kitanda.

Kwetu Tanga adui wa karatasi ni mchwa na unyevu wa bahari. Kule niliwakuta maadui wengine. Faksi za zamani zilikuwa zimefifia hadi karibu kuwa nyeupe, nikazitoa nakala haraka kabla maneno hayajatoweka kabisa. Vibanio vya chuma vilikuwa vimeota kutu na kuacha alama kwenye kila vilichokishika. Nilivilaani siku nzima, nikiving'oa kimoja kimoja.

Kazi yenyewe ilikuwa vitabu vya noti za muziki. Mwongozaji hukipasua kitabu na kupachika karatasi tupu kati ya kurasa, kisha huandika humo kwa penseli nani aingie kutokea wapi, kwenye neno gani, ageukie nani. Cha opera ya La traviata kilikuwa kimefura kama mkate wa mofa: ndani mlikuwa na barua, risiti za duka la vitambaa, picha ya kiti, tiketi ya tramu. Mimi, kwa ujuaji wa mwaka wa pili, nikavitoa vyote. Barua nikazipanga kwa tarehe, risiti nikazitia bahasha ya mahesabu. Meza ikapendeza kweli.

Mzee alikuja na chai, akakifungua kitabu, akakaa kimya. Kisha akauliza tiketi ilikuwa ukurasa gani. Sikujua.

Akanieleza. Katikati ya mazoezi mwimbaji wa Violetta, mhusika mkuu, aliugua, akaletwa mwingine. Penseli ilikuwa ileile, mwandiko uleule. Tiketi ndiyo iliyoonyesha walipoishia na yule wa kwanza. Bila hiyo, nani angejua maelekezo yapi ni ya nani?

Darasani nilishafundishwa kwamba nyaraka huachwa katika mpangilio wa mwenyewe. Nilikuwa nimejibu hilo kwenye mtihani, na nikapata alama nzuri.

Siku tatu zilizofuata tulikaa na taa na kioo cha kukuzia. Kutu niliyoilaani ndiyo iliyotuokoa: doa la kibanio kwenye risiti lililingana na doa kwenye ukurasa, tukarudisha moja baada ya nyingine. Barua mbili ziliangukia pale Violetta anaposoma barua, tendo la tatu. Mzee alicheka.

Tiketi haikuwahi kubanwa na chochote. Niliitia kwenye bahasha isiyo na asidi, nikaandika juu yake kwa penseli: "Ilitolewa na mpangaji wa nyaraka. Mahali pake hapajulikani." Mzee akaisoma, akaniomba niongeze tarehe.