Maji ya Nairobi hayafiki digrii 100

Jumamosi huwa nafundisha watoto wa majirani hapa Umoja, wengi wao wa gredi ya 8, na somo ninalolipenda kuliko yote ni la maji kuchemka. Karibu kila mtoto huja na jibu lake tayari: digrii 100.

Basi tunateleka sufuria na kutumbukiza kipimajoto bila kukiacha kiguse chini. Maji yanatokota, kipimajoto kinapanda, kisha kinagota kwenye 94. Juzi msichana mmoja akaniambia, "Mwalimu, hiki kimeharibika."

Nilifurahi mno. Shaka kama hiyo ni ya kupimwa, si ya kunyamazishwa. Tukaponda barafu, tukaichanganya na maji kidogo, tukakoroga, tukatia kipimajoto kile kile. Kikashuka hadi 0. Kumbe ni kizima! Mwenzake alikuwa ameshaandika 100 daftarini. Nikamwomba aandike alichokiona kwa macho yake.

Maji huchemka presha ya mvuke wake inapolingana na presha ya hewa inayoyakandamiza. Mombasa iko usawa wa bahari, na hiyo 100 ya kitabuni ni ya huko. Sisi tuko juu kwa mita 1,700 hivi, hewa nyingi tumeiacha chini yetu, kwa hiyo maji yetu hayahitaji joto lote hilo ili yachemke. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka digrii 1.

Hapo ndipo hesabu inaponoga. 1,700 gawanya kwa 300 ni kama 5.7, toa kwenye 100, inabaki 94.3. Watoto wanaochukia kugawanya wakaanza kudai miji mingine. Kisumu, mita 1,130 hivi: 96. Kilele cha Batian kule Mlima Kenya, mita 5,199: kama 83. Hakuna aliyelazimishwa.

Kijana mmoja akauliza, je, tukiongeza moto? Tukafungua gesi yote. Maji yakarukaruka, kipimajoto kikabaki pale pale 94, maana joto la ziada linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Kwa hiyo githeri ikishachemka, moto mkali unamaliza gesi tu, punguza, ufunike. Kwenye sufuria ya presha ni tofauti: mvuke umefungiwa, presha inapanda, maji yanapita digrii 110, na maharagwe yanaiva upesi. Nilimwona akiyaandika haya ili akamwambie mamake.

Mzazi, ukitaka kulifanya jaribio hili nyumbani, usitumie kipimajoto cha homa. Huishia digrii 42 au karibu na hapo, na cha kioo kinaweza kupasuka. Tafuta cha maabara kinachofika 110, na wewe mwenyewe ndiye ukishike juu ya mvuke, mtoto asome namba.