Swali la mama aliyepasuliwa mara mbili

"Padre, mimi nimepasuliwa mara mbili. Hospitali wameniambia nikija tena nifungwe kizazi. Nikifunga natenda dhambi, nisipofunga naweza kufa. Hawa wanangu nitamwachia nani?"

Ilikuwa Juni 2019, kwenye semina ya wanandoa katika ukumbi wa parokia moja pembeni ya Mafinga. Mama huyo alikuwa amembeba mtoto wa miezi minne mgongoni, kitenge juu ya blanketi, maana Juni ya Mufindi haina mzaha. Mumewe alikaa upande wa wanaume. Mimi nilialikwa kama mkunga anayefundisha njia za asili za kupanga uzazi.

Paroko hakumkaripia. Alianza na jambo ambalo waamini wengi pale walikuwa hawajalisikia: Kanisa halijawahi kusema zaa tu mpaka mwili uishe. Katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 10, Papa Paulo VI anasema wazazi wawajibikaji huangalia hali ya mwili, ya uchumi, ya nafsi na ya jamii, na kwa sababu nzito wanaweza kuamua wasipate mtoto mwingine kwa muda fulani au hata kwa muda usio na ukomo. Namba 16 inaruhusu kutumia siku ambazo mwanamke hawezi kushika mimba. Mishono miwili kwenye mji wa mimba ni sababu nzito, akasema Paroko, na hakuna haja ya kuja kuomba ruhusa kwake.

Kuhusu kufunga kizazi alisema wazi pia. Mwaka 1993 Roma iliulizwa swali hilohilo. Ikajibu kwamba mji wa mimba ukiharibika, mathalani wakati wa upasuaji, kiasi kwamba usipoondolewa mama anakufa au anadhurika vibaya pale pale, kuuondoa ni matibabu, si dhambi. Lakini kufunga mirija kwa sababu mimba ijayo, kama itakuja, inaweza kuwa na hatari, huko ni kuzuia uzazi moja kwa moja, na Kanisa halikubali.

Halafu akanigeukia. "Nesi, sasa mweleze afanyeje." Hapo ndipo kazi huwa ngumu, kwa sababu mama akiambiwa "usifunge" bila kuonyeshwa njia nyingine kwa ukamilifu, ameachwa porini.

Nilimwuliza kwanza: mkato wa ndani ulikuwa wa namna gani? Hakujua. Wengi hawajui, kwa sababu wanautazama mshono wa ngozi, na mshono wa ngozi hausemi kitu. Kinachohusika ni mkato wa kwenye mji wa mimba wenyewe. Ukiwa wa kulala, sehemu ya chini, kovu hushika vizuri zaidi. Kwa mama mwenye kovu moja la aina hiyo, uwezekano wa kuchanika akiwa kwenye uchungu ni chini ya 1 kwa 100. Ukiwa wa wima, sehemu ya juu, hatari ni kubwa mara kadhaa na haruhusiwi kabisa kungojea uchungu. Habari hiyo imo kwenye maelezo ya upasuaji ndani ya faili lake, na ana haki ya kuomba iandikwe kwenye kadi yake.

Hatari ya pili ni kondo la nyuma. Kila kovu linaongeza uwezekano wa kondo kukaa chini na kuota mizizi ndani ya kovu. Mama ambaye kondo lake limeziba njia, akiwa kwenye upasuaji wa pili, uwezekano wa kondo kung'ang'ania hivyo ni kama 11 kwa 100. Kwenye upasuaji wa tatu unapanda mpaka 40 hivi. Huko ndiko kunakoleta damu isiyokatika. Kwa hiyo daktari hakuwa anamtisha bure, na nilimwambia hivyo mbele ya watu wote. Kama mimba itakuja, aanze kliniki mapema, apigwe picha ya kuonyesha kondo limekaa wapi, na ajifungulie penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba. Muda wa kupumzika ambao Shirika la Afya Duniani linashauri ni miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba nyingine.

Kisha nikauliza, "Mtoto anakula nini?"

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye benchi la nyuma, akajibu kwa fahari: "Namkorogea uji mwepesi, asubuhi na jioni. Ziwa peke yake halimtoshi."

Hapa pana kosa linalowapata wengi. Kunyonyesha huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya tu, mchana asikae zaidi ya masaa manne bila kunyonya, na usiku si zaidi ya masaa sita. Mtoto akishiba uji ananyonya kidogo, mwili unaona kazi imepungua, yai linaanza kukomaa. Na yai linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza. Mama anayesema "sijaona siku zangu, niko salama" anaweza kubeba mimba bila kuona hata tone la damu. Nikamwambia bibi, kwa adabu inayomstahili, kwamba uji ungoje miezi sita itimie, na kwamba ziwa huongezeka kadiri linavyonyonywa. Akauliza hata maji? Hata maji, bibi.

Kwa kuwa uji ulishaingia, ile kinga ya kunyonyesha haikuwa ya kutegemea tena. Tukaanza daftari la kufuatilia ute, yale majimaji ya ukeni yanayobadilika siku za kushika mimba zinapokaribia. Mama hutazama hali ya ukeni tu, kwa nje, mchana kutwa akitembea, akilima, akienda chooni: pakavu, pana unyevu, au panateleza? Haingizi kidole. Usiku anaandika jambo moja, lile lililoonyesha rutuba kubwa zaidi siku hiyo. Tulitumia kalamu za rangi: nyekundu kwa damu, kijani kwa ukavu, na duara tupu kwa unyevu au ute. Kwa mama aliyepasuliwa, damu ya uzazi inaweza kuchukua wiki sita, na katika muda huo ute hausomeki. Huyu alikuwa ameshapita hapo.

Kwa wiki mbili za kwanza wanaacha tendo la ndoa ili wajue hali yake ya kawaida, ambayo kwa anayenyonyesha mara nyingi ni ukavu, au majimaji yaleyale yasiyobadilika. Baada ya hapo, kwenye hali hiyo isiyobadilika, wanaweza kukutana jioni tu, na si siku mbili mfululizo, kwa sababu mbegu za mume huacha unyevu kesho yake na kuficha ute. Hali ikibadilika, au damu ikitokea, wanaacha, na wanaongeza siku tatu baada ya hali ya kawaida kurudi. Ute ukianza kuteleza na kuvutika kama wa yai bichi, siku ya mwisho ya kuteleza ndiyo kilele, na inajulikana kesho yake tu. Kuanzia siku ya nne baada ya kilele wako huru mpaka hedhi. Siku ya shaka ni siku ya kuacha. Majimaji yenye harufu au muwasho si ya kuandika daftarini, ni ya kupeleka zahanati.

Shanga za kuhesabu siku nilimkataza kwa wakati huo. Zinakataza tendo la ndoa siku ya 8 hadi ya 19 tangu hedhi kuanza, na zinamfaa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32 tu. Anayenyonyesha hana mzunguko wa kuhesabu bado. Njia ya kipimajoto, ya kupima joto la mwili kila asubuhi, nayo inataka usingizi usiokatika, na mtoto wa miezi minne hautoi.

Sikumficha ukweli wa mwisho. Wanaofuata kanuni za ute bila kulegeza, kama 3 kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Kwa wanaolegeza, wanaoshika mimba huongezeka mara kadhaa.

Ndipo mume akasimama. Alikuwa anafanya kazi ya kupasua mbao msituni, anarudi mwisho wa mwezi tu. "Sasa nikirudi nikute ndiyo siku za ute?"

"Basi baba, unaacha," Paroko akasema. "Mkeo amepasuliwa mara mbili kwa ajili ya watoto wenu. Zamu hii ni yako."

Ukumbi ulikaa kimya, kisha yule baba akaomba daftari lipitishwe upande wa wanaume. Alitaka nimwonyeshe tena kwa mkono wake duara linaanzia wapi na zile siku tatu zinahesabiwaje. Tulikubaliana atapiga simu nyumbani kabla ya kupanda gari, mkewe amsomee rangi za wiki ile, na wote wawili warudi kwangu kila baada ya wiki mbili, au mke peke yake mume akiwa msituni, mpaka hedhi itulie. Jumatatu yake walikwenda hospitali kuomba maelezo ya mkato.