Kidonge Kimegoma? Soma Hapa Kabla ya Kuongeza Dozi

Wanaume wengi wanaosema sildenafili, dawa iliyomo ndani ya Viagra, "imegoma" wameinywa vibaya. Mtu anashiba chipsi mayai na kuku wa kukaanga, anashushia bia nne, anameza kidonge, kisha anajilaza akingoja uume usimame wenyewe. Hausimami. Kesho yake anakwenda duka la dawa kuomba kikali zaidi.

Sildenafili yenyewe haisimamishi uume. Ashiki ikianza, mwili hutoa kemikali inayolegeza mishipa ya uume ili damu ijae. Dawa inazuia kemikali hiyo isivunjwe mapema, basi. Pasipo kushikwa, kuchezewa au kutamani, hakuna cha kulindwa, na hata miligramu 100 zitapita bure.

Kwa wengi huanzwa na miligramu 50, saa moja kabla ya tendo, tumbo likiwa tupu au na chakula chepesi. Mafuta mengi huichelewesha kwa takriban saa nzima. Tadalafili, dawa nyingine ya kundi hilohilo, haijali chakula: miligramu 10 au 20, ipewe muda wa saa mbili ifanye kazi, na inaweza kusaidia hadi saa 36. Ipo pia ya miligramu 5 ya kila siku, inayomfaa mwenye tezi dume iliyovimba anayesumbuka na mkojo. Usikate tamaa mapema. Dawa haihesabiwi kuwa imeshindwa mpaka umeijaribu mara 6 hadi 8, siku tofauti, kwa kipimo cha juu alichokuruhusu daktari. Mara mbili za wasiwasi hazitoshi.

Lakini kidonge si mwanzo wa safari. Kwanza ijulikane tatizo ni lipi. Uume kutosimama ni jambo moja, kumwaga haraka ni jingine, na kukosa hamu ni jingine pia, ingawa yote matatu watu huyatia kapu moja la "nguvu za kiume". Swali linalofichua mengi ni hili: alfajiri unaamka umesimama? Kama ndiyo, na tatizo lilianza ghafla, au linatokea kwa mwenza mmoja tu, mara nyingi chanzo ni hofu, msongo au ugomvi wa nyumbani. Kama nguvu zimepungua polepole kwa miezi na hata za alfajiri zimetoweka, shuku mishipa ya damu, neva au homoni.

Hapo ndipo vipimo vinapohitajika: presha, sukari ya kabla ya kula, mafuta kwenye damu, na testosteroni, yaani homoni ya kiume. Damu ya testosteroni itolewe asubuhi, kati ya saa moja na saa tano, kwa sababu kiwango chake hushuka kadiri siku inavyosonga. Jibu likiwa chini, lirudiwe siku nyingine kabla ya kuanza matibabu yoyote. Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ile ya moyo 3 hadi 4, kwa hiyo uchafu uleule wa mafuta huziba ile myembamba kwanza. Uume unaolegea leo unaweza kuwa onyo la moyo utakaouma miaka michache ijayo. Kwa maoni yetu, anayekuandikia kidonge bila hata kukufunga mashine ya presha amekupa nusu ya huduma.

Taja pia dawa unazokunywa. Atenololi, vidonge vya presha vya kukojoza na baadhi ya dawa za sonona zinaweza kuleta tatizo lenyewe. Usiziache kienyeji, mwombe daktari akubadilishie.

Sasa hatari. Mwenye dawa za naitrati, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, asiguse sildenafili wala tadalafili kabisa: presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Anayetumia ARV zenye ritonaviri asizidishe miligramu 25 za sildenafili ndani ya saa 48, kwa kuwa ritonaviri huifanya ikae mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, ni dharura ya hospitali usiku huohuo. Mwenye selimundu awe macho zaidi.

Supu ya pweza haina ubaya, inywe. Unga wa nguvu za kiume usio na lebo ndio wa kuogopa, uitwe vumbi la Kongo au jina lolote. Mamlaka ya dawa ya Marekani imekuta mara nyingi sildenafili imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama "asilia", bila kipimo kuandikwa. Mwenye naitrati hatajua alichomeza.

Vidonge vikishindwa kweli, ipo pampu ya kuvuta damu yenye mpira wa kubana shinani (usizidi dakika 30), ipo sindano ya alprostadili inayochomwa ubavuni mwa uume, dozi ya kwanza ikitolewa kliniki, na mwisho kabisa kuna upasuaji wa kuweka kipandikizi. Sindano za testosteroni ni za yule tu ambaye vipimo vimeonyesha upungufu, na hata huyo, kama bado anatafuta mtoto, amwambie daktari kwanza: huzima utengenezaji wa mbegu.