Magadi yalivyozidi kwenye tanki la mbuna na nilivyowaokoa waliobaki

Naandika hii nikiwa bado na hasira, maana ushauri niliopewa usiku ule ulikaribia kunimalizia samaki wote.

Nina tanki la lita 200 hapa Moshi, nafuga mbuna, wale samaki wa rangirangi wa Ziwa Nyasa. Kule kwao pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndo katikati, juu ya hapo ni alkali) iko kwenye 8 hivi, ya bomba langu inasoma 7 na kidogo, kwa hiyo huwa naipandisha. Nilikuwa natumia magadi ya sokoni, haya haya ya kupikia makande, nayatwanga kidogo, kijiko kimoja cha chai kila nikibadili maji, na miaka miwili yote hayajawahi kunisumbua.

Siku hiyo nilikuwa Arusha, nikampigia mpwa wangu nikamwambia badili maji kisha weka kijiko kimoja cha magadi. Sikusema kijiko kipi. Kijana akachukua kijiko cha kupakulia mboga, akakijaza mpaka kikafura, akamwaga mabonge mabonge.

Nafika saa mbili usiku nakuta maji meupe kama tui jepesi, hita imeshika unga wa chokaa, samaki wote wako juu wanatweta. Kipimo kikasoma 9.6. "Mjomba, nilidhani ni vumbi tu litatulia," kijana anatetemeka, nikamwambia tulia kwanza tuwahudumie samaki.

Nikampigia jamaa mmoja mzoefu, akasema kwa kujiamini kabisa, weka siki. Nikaweka nusu kikombe. Jamani! Maji yakatoa mapovu kama soda iliyotikiswa, pH ikashuka ghafla, samaki wawili wakalala ubavu palepale na hawakuamka. Na baada ya saa moja pH imepanda tena kama hakuna kilichotokea!

Hapo ndo nikawasha tochi nikachungulia chini. Mabonge ya magadi yalikuwa yamekaa kwenye changarawe, yanayeyuka taratibu, yaani kila nilichokuwa nashusha juu chini kinapandishwa. Nikachukua mpira nikayanyonya bonge moja moja mpaka yakaisha. Kama sijafanya hivyo ningehangaika mpaka asubuhi.

Kubadili maji yote kwa mkupuo sikuthubutu, mshtuko ule ule wa siki ungerudi. Nikakumbuka mpira wa dripu, ule wa hospitali, duka la dawa wanauza bei ndogo tu, buku moja mbili hivi. Nikapandisha ndoo ya lita 20 juu ya kabati, maji yaliyolala usiku mzima kutoa klorini (mimi huwa nina mapipa yamejaa muda wote), nikafungua kile kigurudumu chake cha kupunguza na kuongeza mpaka yakawa yanatiririka kama uzi. Ndoo moja inachukua kama saa tatu, huku natoa kiasi kilekile upande wa pili. Tulipokezana na mpwa wangu siku mbili, ndoo tisa.

Chakula nilikata kabisa, na hili watu wanalipuuza. Kwenye pH 8 na joto la nyuzi 25 ni kama asilimia 5 tu ya amonia iliyoko majini (ile inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula) ndo iko katika hali ya sumu, pH ikifika 9 inakuwa theluthi nzima, kwa hiyo kila punje unayowalisha unawaongezea sumu. Pampu ya hewa nikaiacha mwisho wa nguvu, inawapa pumzi na ile kaboni dayoksaidi ya hewani inashusha pH yenyewe polepole.

Siku ya tatu asubuhi kipimo 8.4. Kati ya kumi na nne wamebaki kumi na wawili. Sa hivi natumia baking soda, nayeyusha kwanza kwenye jagi, na kijiko chenyewe nimekifunga na kamba kwenye kopo ili asitafute mtu kingine. Dume langu la bluu limerudi kuchimba mchanga chini ya jiwe lake, na magadi yamerudi jikoni kwenye makande.