Nilivyopanga bahasha za London kwa bei ya stempu

Bahasha zote zilitoka London kuja Mombasa, kwa babu yake shangazi yangu aliyekuwa akiuza ngozi ng'ambo. Barua zenyewe zimepotea, na mihuri ya posta mingi ilipigwa pembeni au wino umepauka, mwaka hausomeki. Shangazi alitaka zipangwe kwa miaka kabla wajukuu hawajagawana. Nilichokuwa nacho cha kuaminika ni stempu, na hizo zilitosha.

Nawaomba sana wenye bahasha za wazee: msibandue stempu. Watu huziloweka majini wakaweka stempu na kutupa bahasha. Ikishabanduka, inabaki picha ya mfalme. Ikiwa mahali pake inaonyesha ni pesa ngapi zililipwa kwa safari ipi, na bei za posta zilikuwa na tarehe zake.

Nilianza na sura za wafalme wa Uingereza zilizochapwa kwenye stempu. Edward wa Saba alifariki 1910, George wa Tano akatawala hadi 1936, na stempu za George wa Sita zikaanza 1937. Mgao huo ni mpana mno, kwa hiyo nikaandika kwenye karatasi bei za posta ya Uingereza kwa barua za kwenda makoloni yake. Tangu Krismasi ya 1898 barua ya kwenda sehemu nyingi za himaya ililipiwa peni 1. Juni 1918, vita vikiwa bado vinapiganwa, ikawa peni 1 na nusu. Juni 1920 ikafika peni 2, lakini tarehe 29 Mei 1922 ikateremka tena hadi peni 1 na nusu, na hapo ikakaa mpaka 1 Mei 1940 ilipopanda kuwa peni 2 na nusu.

Tazama ile ya peni 2. Haikutimiza hata miaka miwili, kwa hiyo bahasha nyembamba yenye stempu moja ya peni 2, ya rangi ya chungwa, karibu inajitaja mwaka. Nasema nyembamba kwa sababu kabla ya 1918 barua nzito, iliyozidi aunsi moja, nayo ingeweza kulipiwa peni 2. Aunsi ni kama gramu 28. Nikachukua bahasha ya ukubwa uleule, nikatia karatasi mojamoja na kupima kwa mizani ya jikoni. Karatasi ya kawaida ya leo ina gramu 5 hivi, kwa hiyo ili aunsi ipite lazima bahasha ivimbe, na bahasha iliyowahi kuvimba huacha mikunjo pembeni. Zenye mikunjo nikazitenga.

Kundi lililonifurahisha zaidi lilikuwa la George wa Sita, stempu ya kahawia ya peni 1 na nusu. Mwishoni mwa Juni 1937 Uingereza ilianza kupeleka barua zote za Afrika Mashariki kwa ndege bila malipo ya ziada, peni 1 na nusu kwa kila nusu aunsi. Zilibebwa na ndege zinazotua majini, kutoka Southampton kupitia Misri na Sudan hadi Ziwa Victoria, zikatua Kisumu, kisha zikashuka pwani. Babu alikuwa akipokea barua ya ndege kwa bei ileile ya meli! Vita vilipoanza Septemba 1939 mpango ukasimamishwa, na anayetaka ndege akalipa shilingi 1 na peni 3 kwa nusu aunsi. Bahasha ya bei hiyo ilikuwamo, na sikuhitaji kusoma mhuri wake ili niiweke baada ya zile za kahawia.

Kulikuwa na moja ya kahawia yenye herufi T na tarakimu kwa penseli. T ni alama ya malipo pungufu, na kwa kanuni za posta za kimataifa mpokeaji alidaiwa mara mbili ya kilichopungua. Bahasha ni ndogo, haina mkunjo, si ya uzito. Nadhani mtumaji alibandika peni 1 na nusu wakati bei imeshapanda, kwa hiyo nikaiweka katikati ya 1940, nikaandika "yaelekea" kwenye kikaratasi pembeni. Kwenye bahasha yenyewe sikuandika kitu.

Mwisho zilibaki zile karatasi za bluu za ndege zinazokunjwa zikawa bahasha, zenye onyo lililochapwa kwamba usitie kitu ndani. Hapa bei haikunisaidia, maana ilikaa peni 6 tangu wakati wa vita hadi miaka ya 1960. Nikarudi kwenye sura: za mfalme zikatangulia, za malkia zikafuata, na zile za malkia nikazipanga kwa anwani, kwa kuwa babu alihamisha duka mara moja na familia inakumbuka ni mwaka gani.